Kindege Kilichogusa Kilemba

Mama mkwe wangu alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi, na hakuna mtoto aliyezaliwa mikononi mwake akaandikiwa dakika ya kukisia. Alipostaafu, mumewe, ambaye ni kinyozi, alimwomba amshikie saa anaporusha vindege vyake ukumbini. Nadhani alifikiri amejipatia mtu wa upande wake. Maskini baba mkwe, ndoa yote ile na bado hajamjua mkewe.

Vindege vyenyewe ni vijiti na plastiki nyembamba, vyepesi kuliko unyoya wa kuku, na vinaendeshwa na uzi wa mpira uliosokotwa. Huzunguka ukumbini polepole kiasi kwamba ukitembea kawaida unavipita. Kinachokaa hewani muda mrefu kuliko vyote ndicho kinachompa mwenyewe rekodi. Sheria zinataka waamuzi wawili, kila mmoja na saa yake, wasikiondolee macho kindege, na wabonyeze kinapogusa sakafu au chochote kilicho juu ya sakafu, binadamu akiwamo. Saa zikitofautiana, muda mfupi ndio unaohesabiwa. Milango hufungwa, feni huzimwa. Kazi yangu mimi ni kulinda mlango na kuwakodolea macho wanaotaka kupiga chafya.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Kesho yake ukumbi ulikuwa unageuzwa ghala la saruji, na rekodi ya ukumbi ilikuwa bado ya mfamasia, ambaye kwa uhaba wa watu ndiye pia alikuwa mwamuzi wa pili. Baba mkwe hakuwa na usingizi wiki nzima. Juzi yake alimnyoa mteja upande mmoja, akamwambia kwaheri.

Kindege kilipaa, kikazunguka, kikazunguka. Mfamasia akaanza kutokwa jasho. Mara nikamwona mama mkwe anabonyeza saa yake, na kindege kingali juu, kinazunguka zake bila habari.

"Umefanya nini?" baba mkwe aliuliza.

"Kimenigusa kilemba."

"Mbona kinaruka?"

"Kimegusa, kikaondoka."

"Mimi sijaona kitu," alisema mfamasia, na nilimheshimu kwa hilo.

"Kwa hiyo ni wewe peke yako unayejua, mama watoto."

"Ndiyo maana nimebonyeza."

Nilipandwa na hasira. Nilitamani kumwambia maneno ambayo mkwe akishayasema hali tena kwenye nyumba ile. Nikaukazia macho mlango.

Ulibaki mpira wa kurusha mara moja tu. Baba mkwe aliusokota. Ndipo mkewe, mwanamke ambaye hata kucheka hucheka akiwa amekaa wima, alipovua viatu na kujilaza chali katikati ya ukumbi.

"Safari hii hakina kichwa cha kugonga," alisema. "Na wewe mfamasia, lala."

Mfamasia akalala. Mimi sikujua mkwe anapaswa kutazama wapi mama mkwe akiwa sakafuni, nikatazama dari. Kusema kweli, hapo ndipo nilipokiona kindege vizuri kwa mara ya kwanza.

Kilizunguka hadi mpira ukaishiwa nguvu. Kikaanza kushuka, taratibu, moja kwa moja juu ya uso wa mama mkwe. Mfamasia alichungulia saa yake kwa jicho moja.

"Bado kidogo tu," alinong'ona, amesahau kabisa anamshangilia nani.

Pumzi moja kutoka chini ingekiinua. Mama mkwe alifunga mdomo, mashavu yakamvimba kama puto. Kindege kikaketi juu ya pua yake, naye akabonyeza. Saa zote mbili zilisema kitu kimoja: rekodi imepitwa, kwa sekunde moja.

Hapo mfamasia akakumbuka kwamba rekodi yenyewe ilikuwa yake.

"Samahani jamani," alisema, bado yuko chali. "Ni lazima niulize. Mama hajapuliza?"

Mama mkwe hakuweza kujibu. Alikuwa bado amebana pumzi, asije akakivunja. Baba mkwe alipiga magoti, akakiondoa kindege puani mwa mkewe kwa vidole viwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Huyu?" alisema. "Huyu hajawahi kunipulizia hata chai."

Mfamasia aliomba kalamu, akatia sahihi karatasi ya rekodi palepale alipolala.