Mizani kwenye Mashine ya Kusaga

Walimwita Sista Mbio, na jina hilo hakusingiziwa. Miaka thelathini na mmoja aliyofanya kazi wodi ya watoto, katika hospitali kubwa ya mjini, hakuna aliyewahi kumwona akitembea kama watu wengine. Siku aliyostaafu wenzake walilia, naye akawafuta machozi mmoja mmoja, akapanda basi na mumewe wakaenda kijijini kwa mume kulima mahindi.

Kilimo kilimshinda msimu wa kwanza tu. Jembe aliliweza, ukimya ndio uliomtesa. Kwa hiyo aliposikia kwamba shirika moja la hisani linatafuta muuguzi wa kuanzisha kliniki ya watoto pale pale kijijini, aliandika barua ya mistari minne. Mstari wa mwisho ulisema, "Naweza kuanza Jumatatu."

Shirika lilikuwa limepewa ghala kuukuu, lenye giza na popo darini. Mumewe, fundi mwashi aliyedhani naye amestaafu, alitoboa madirisha, akapiga lipu, akagawa vyumba vitatu: cha kupimia, cha chanjo chenye jokofu la umeme wa jua, na cha kumlaza mtoto aliyezidiwa. Sista alimfuata nyuma kila hatua. Sinki lishuke, mtoto afike mwenyewe. Rangi ya mafuta ipande hadi kifuani, maana mikono ya watoto haina breki.

"Jamani," fundi aliwaambia majirani, "mke wangu ndiye aliyeajiriwa, lakini anayetoka jasho ni mimi."

Kliniki ikafunguliwa. Wiki tatu zikapita, wakaja watoto kumi na mmoja. Hospitalini kumi na mmoja aliwamaliza kabla ya chai ya saa nne.

Hakukata tamaa, alikasirika, na akikasirika huuliza maswali. Alimkalisha wifi yake, mdogo wa mumewe, jikoni.

"Niambie ukweli, wifi. Wananiogopa?"

"Wewe hawakujui. Wanaogopa kusemwa." Wifi aliacha kuchambua mchele. "Kule zahanati ya zamani, mtoto akipimwa, uzito unatangazwa kama matokeo ya mpira. Akiwa mwepesi, mama anagombezwa foleni nzima ikisikia. Mimi mwenyewe nilivuliwa nguo hivyo hivyo, sikurudi tena."

Sista Mbio alikumbuka siku ambazo yeye pia, kwa uchovu wa wodi, alipaza sauti kwa mama wa mtu. Kisha akauliza, "Kina mama wa hapa wanakaa wapi muda mrefu, na watoto mgongoni?"

"Mashineni. Jumanne na Ijumaa. Unaweza kusubiri unga mpaka ukasahau jina lako."

Asubuhi ya Jumanne alitokea kwenye mashine ya kusaga, mizani ya kuning'iniza begani na suruali ndogo za kitambaa za kupimia watoto mkononi. Mwenye mashine, mzee mnene mweupe wa unga hadi kope, alizima mota amsikie.

"Shikamoo kaka. Naomba boriti yako."

"Marahaba. Boriti? Ukiichukua paa litakaa juu ya nini?"

"Siichukui. Nataka kuning'iniza watoto."

Kina mama waliangua kicheko. Mzee akajikuna kidevu, akasema, "Haya, ning'iniza. Lakini wakilia zaidi ya mashine yangu, utahama."

Mashine ikawashwa, na Sista akagundua kwamba ule mngurumo ndio dawa aliyokuwa anaitafuta. Alimpima mtoto, akaandika kwenye kadi, kisha akamwinamia mama na kumwambia uzito sikioni. Hata aliyekaa gunia la jirani hakusikia kitu. Wa kwanza alitoka anatabasamu. Wa pili akamfungua mwanawe mgongoni bila kuombwa. Kufikia saa tano walikuwa wanagombania zamu.

Mkwe wa mwenye mashine alikuja mwisho, binti mpole mwenye mtoto wa kike wa mwaka na miezi miwili. Mshale ulisimama chini kidogo ya kilo saba. Mwenye mashine akapayuka toka kwenye mota, "Mjukuu wangu huyo! Kilo ngapi?"

"Mizani yangu haina mdomo, kaka!" Sista alimjibu kwa sauti, watu wakacheka. Sikioni kwa binti alisema, "Mwanangu, huyu anahitaji msaada, na tutamsaidia. Njoo kliniki saa nane. Njoo na mama mkwe wako."

Walikuja. Mama mkwe alikaa ncha ya kiti, mikono kifuani, amejiandaa kwa vita. Sista alimchunguza mtoto, akakuta sikio linatoa usaha, akampa dawa. Halafu akauliza anakula nini.

"Uji," binti alisema chini chini. "Mwepesi."

"Mwepesi ndio salama," mama mkwe akaingilia. "Mwanangu wa kwanza alipaliwa na uji mzito mikononi mwangu. Alibadilika rangi, nikajua ameshaondoka. Alipona, lakini mimi sijasahau. Katika nyumba yangu mtoto hapewi uji mzito."

Sista angeweza kumhubiria. Badala yake aliwasha jiko la gesi, akakoroga uji hadi ukashika kijiko, akatia mafuta na karanga zilizosagwa laini, akaupoza. Kijiko akampa mama mkwe.

"Mlishe wewe, dada. Ulishaona hatari kwa macho yako, hutakuwa na pupa. Mkalishe wima. Kidogo, ncha ya kijiko tu. Subiri ameze."

Yule mama akapeleka kijiko cha kwanza, ncha tu. Mtoto akameza. Cha pili akakidaka mwenyewe, na cha tatu kilipochelewa akapiga kelele. Bibi yake akacheka, huku machozi yanamtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono kana kwamba ni jasho.

"Wewe ndiye mkuu wa sufuria kuanzia leo," Sista alimwambia. "Mara tano kwa siku. Nitakuona Ijumaa."

Wiki ya sita, afisa wa mradi alifika kutoka mjini bila taarifa, akakuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa: TUPO MASHINENI. Alikuja mashineni kwa hasira, viatu vinang'aa.

"Sista, mkataba unasema kliniki. Hausemi mashine."

"Mkataba unasema watoto, mwanangu. Usome tena. Kaa hapo kwenye gunia."

Alikaa, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Kufikia adhuhuri alihesabu watoto arobaini na watatu waliopimwa, na saa nane aliwaona ishirini wakiingia kliniki kwa chanjo na dawa, baadhi wameletwa na baba zao. Alisimama mlangoni, suruali nyeupe kwa unga, akauliza atayaandikaje hayo kwenye ripoti.

"Kama ulivyoyaona," Sista alisema, akampita mbio na bomba la sindano.

Mwezi uliofuata shirika liliongeza muuguzi wa pili, na Jumanne na Ijumaa zikaingizwa kwenye ratiba rasmi. Mjukuu wa mwenye mashine alifikisha kilo nane na nusu, akaanza kutembea akishika ukuta.

Mvua zilipoanza, mke wa mwenye mashine aliingia kliniki akimvuta mkono bibi mwingine, aliyekuja amenuna.

"Sista, huyu naye anamnywesha mjukuu wake maji ya uji. Mwambie ulivyoniambia mimi."

Sista Mbio aliwasogezea viti viwili, akawasha jiko, akaweka sufuria.

"Mwambie mwenyewe, dada," alisema. "Unayajua kuliko mimi."