Gari la Babu Lililozibwa kwa Nta

Juzi maabara yetu ilinuka nta ya nyuki. Mwalimu alitumbukiza kipande kwenye petroli, akauliza nani anajua kitakachotokea. Nilijua. Sikunyoosha mkono, maana nina haya mbele za watu, lakini harufu ile ilinirudisha kijijini Igalula, uani kwa Bibi, nikiwa darasa la tatu.

Pale uani palikuwa na gari dogo la Kimarekani, rangi ya krimu iliyobabuka, usukani kushoto. Babu alilinunua kwa mwalimu wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Kiwanda kilicholiunda, alisimulia Babu, kilikuwa kama karakana tu. Wenyewe waliamini Wamarekani wangechoka na magari makubwa yanayokunywa mafuta. Hawakuchoka. Miaka michache, milango ikafungwa, na spea zikaisha duniani. Babu alipofariki, kuku wakahamia kiti cha nyuma.

Ndipo Baba mdogo akaja na habari za mnunuzi wa vyuma chakavu. Wangelikata vipande palepale.

"Halikatwi hapa," Bibi alisema.

"Mama, hata kiwanda chake kilishakufa."

"Kimekufa, sawa. Lenyewe halijaambiwa." Akaendelea kupepeta karanga. "Litatoka kwa magurudumu yake. Jumapili ya mavuno nalipeleka kanisani. Likishindwa, mlikate, sitasema neno."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa.

Bibi alifundishwa kuendesha na Babu, enzi barabara ikiwa ya ng'ombe tu. Tulikata mkanda wa feni kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Betri tuliazima kwa mwenye mashine ya kusaga. Tatizo likawa tangi, lilivuja. Kwao Bibi ni warina asali, na kwao kila kinachovuja huzibwa kwa nta. Aliiyeyusha, akaipaka, akailainisha kwa kidole gumba kama anayepamba keki. Tukajaza petroli, tukalala na furaha.

Asubuhi ya Jumamosi chini ya gari palikuwa pamelowa. Nta imelegea kama uji, petroli yote imenywewa na mchanga. Jirani yetu, fundi baiskeli, alichungulia juu ya ua.

"Mama, umelilisha asali, limeharisha."

Bibi alikilaza kinu. Akakaa juu yake, mimi nikijua yamekwisha. Kisha akaniita kwa utani wake: "Mke mwenza, lete sabuni ya mche." Alikuwa amekumbuka walivyofanya madereva wa malori ya tumbaku. Tukakanda sabuni, tukaziba, ikashika. Kuku wa kiti cha nyuma wakauzwa, wakageuka petroli.

Jumapili likawaka, likikohoa kuliko Baba mdogo. Mimi nilikaa kulia, upande ambao magari ya kwetu yana usukani, na barabara nzima vijana walinipigia kelele, "Shikamoo, dereva!" Nilijikunja mpaka kidevu kikagusa magoti.

"Kaa wima," Bibi alisema bila kugeuka. "Itikia."

"Marahaba," nikasema, kwa watu walionizidi umri.

Tuliegesha mbele ya kanisa, katikati ya magunia ya mahindi na karanga za shukrani. Baba mdogo alisimama mlangoni, mikono kifuani. Bibi akazima, akamkabidhi ufunguo.

"Haya, lichukue."

"Mama, si limepona?"

"Nilisema litatoka kwa magurudumu yake. Sikusema litarudi."

Nililia wiki ile yote. Niliona amehangaika bure, amelitengeneza ili likafe.

Mwaka jana miguu ya Bibi ilikataa. Baba mdogo alileta gari la kumpeleka hospitali Tabora, akachuchumaa mlangoni ili ambebe mgongoni. Bibi akampita pembeni, akiegemea fimbo yake. Hatua moja, anapumzika. Nyingine, anapumzika. Alisimama muda mrefu pale lilipokuwa gari, ambapo mchanga bado una weusi wa oili, na hapo ndipo nilipomwelewa, yeye na Jumapili ile.

Baba mdogo alinyoosha tena mikono.

"Mwache," nilisema, na sauti yangu ikasikika mpaka kwa fundi baiskeli. "Anatoka mwenyewe."