Kibaraza cha Mwalimu Zenon

Mwalimu Zenon, mstaafu wa Milanzi, alijua kila kitu kuliko mafundi. Alipoambiwa asiufukie mfuniko wa shimo la choo, kwa kuwa siku moja shimo litahitaji kunyonywa, alicheka. "Shimo langu halijai," alisema, akamwaga zege juu yake na kupanga marumaru. Akapata kibaraza kizuri.

Miaka tisa baadaye, wageni kutoka Matai wakiwa wameketi hapo kuleta posa ya bintiye Winifrida, choo kilianza kurudisha kila kilichowahi kupewa. Mkewe Gaudiosa akaita gari la maji taka.

"Shikamoo, mzee. Mfuniko uko wapi?" dereva aliuliza.

Mwalimu akaonyesha chini ya viti vya wageni.

Wageni wakahamia uani na sahani zao. Edwin, mchumba mwenyewe, akavua koti la suti, akashika nyundo na kuvunja zege mpaka mfuniko ukaonekana.

Mwalimu alikuwa ameandika maswali kumi na mawili ya kumpima kijana huyo. La kwanza lilikuwa: "Je, utaweza kutunza nyumba?" Akaikunja karatasi yake na kuitia mfukoni, na posa ikapokelewa.