Mtoto wa Mkoa Gani

Mwaka nilipokuwa darasa la mwisho la lise, shule yetu ya sekondari, watu wa Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, walikuwa wamekwisha kunipa udaktari. Muuza mawese wa sokoni aliniita docteur bila kucheka. Mama mmoja wa barabara yetu alinifunulia kidonda cha mtoto wake nilipokuwa nikirudi kutoka misa. Nilikuwa wa kwanza katika biolojia na kemia, na baba yangu alikuwa muuguzi katika hospitali ya kampuni ya shaba, kwa hiyo watu waliona mambo yamejipanga yenyewe. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nami niliona hivyo hivyo, na sikukumbuka kumwomba Mungu juu ya jambo hilo, kama mtu asivyoomba kesho kuche.

Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi fundi cherehani na mke wake na watoto wao. Binti yake mkubwa alikuwa rafiki yangu. Tulizaliwa katika mvua moja, tukaanza shule pamoja, na sasa tulikaa benchi moja, tukitaka kitu kimoja: kusomea udaktari katika mji mkuu. Fundi alikuwa mwenyeji wa nchi. Watu wake walitoka Kasenga, ukingoni mwa Luapula, nao walikuwa huku kabla bomba la moshi la kiwanda halijasimama. Sisi tulikuwa watu wa Kasai. Babu yangu aliletwa na gari moshi kuchimba shaba, na bibi akashuka kituoni na baba yangu mgongoni, angali ananyonya. Tangu siku hiyo baba hakurudi Kasai hata mara moja.

Asubuhi moja, baada ya zile nyimbo za chama tulizoziimba na kuzicheza mbele ya bendera kabla ya masomo, mtawa aliyetufundisha kemia aliniambia nibaki. Alikuwa mzungu mzee, na Kiswahili alikuwa amejifunza kwetu, kwa wauza mboga.

"Unataka udaktari ku Kinshasa," alisema.

"Ndiyo, ma sœur."

"Pointi utapata. Juu ya pointi sina wasiwasi. Baba yako ni muntu ya wapi?"

"Anatumika ku hospitali ya kampuni."

"Sikuuliza kazi."

"Kasai."

Akachukua kitambaa akaanza kufuta ubao, ingawa ubao ulikuwa safi. Halafu akanieleza, akiwa amenipa mgongo. Viti vya chuo kikuu viligawanywa kwa mikoa. Kila mkoa ulikuwa na hesabu yake, na mwanafunzi alihesabiwa mahali alipotoka baba yake, si mahali alipozaliwa yeye. Watoto wa Kasai wenye pointi nyingi walikuwa wengi, wametapakaa katika nchi nzima, na wote walisukumana kwenye mlango mmoja mwembamba. Kwa pointi zangu, alisema, kama ningehesabiwa katika mkoa wa Shaba, huku nilikozaliwa, mlango ungekuwa wazi. Katika mkoa wa baba yangu, hakujua. Alirudia neno hilo mara kadhaa: hakujua.

Nilisema merci, ma sœur, nikaenda kwenye somo la jiografia. Nakumbuka tulichora ramani ya mito. Nilipaka rangi ya buluu vizuri, bila kutoka nje ya mstari.

Jioni nilimwambia baba. Alikuwa anakula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Hakuacha kula. Aliniita mama, kama siku zote, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake.

"Mama, ile najua," alisema. "Nilijua tangu ulianza lise."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungesoma namna gani?"

Mama yangu aliongeza sombe kwenye sahani yake, ingawa hakuomba.

Jumapili moja kabla ya Pasaka baba alivaa koti lake la kazi lililopigwa pasi, akapita kwa fundi. Mimi na rafiki yangu tulikuwa uani kwao, tunachagua maharagwe. Ndani cherehani ilikuwa inanguruma, maana chama kilikuwa na sherehe na fundi alikuwa na abakosti za wakubwa, yale makoti yasiyovaliwa tai, za kumaliza. Dirisha lilikuwa wazi. Tulisikia yote.

"Ndugu," baba alisema, "nakuya kukuomba kintu kimoja. Kama unakatala, tutabakia bandugu tu."

"Sema."

"Mutoto wangu. Umuandikishe ku jina yako. Ahesabiwe mutoto wa Kasenga."

Cherehani ikanyamaza.

"Unanipa mutoto?"

"Juu ya karatasi tu."

"Mutoto haiko karatasi," fundi alisema. Halafu: "Mama yake anajua?"

"Anajua."

"Na yeye mwenyewe?"

Rafiki yangu alinishika mkono juu ya ungo, akanong'ona: "Sasa tutakuwa bandugu ya kweli!" Alikuwa amefurahi kabisa. Mimi niliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. Nilitazama vidole vyangu vikifanya kazi, nikaona kama ni vya mtu mwingine.

Fundi alikubali. Ila mke wake, aliyekuwa ametoka bombani na ndoo kichwani, alisimama mlangoni akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Na wetu? Viti ya mukoa iko mingapi? Huyu akiingia mbele, wetu ataingilia wapi?"

"Nyamaza," fundi alisema.

"Nitanyamaza. Lakini nimesema."

Alitua ndoo bila kumwaga hata tone, na siku ile ile alituletea maharagwe yaliyoiva, kama kawaida yake.

Wakati wa likizo ya Pasaka fundi alitupeleka Kasenga, mimi na binti yake, juu ya lori lililokuwa linakwenda kuchukua samaki. Ilibidi nikujue kwetu kupya. Ofisini, alisema, wanaweza kuuliza chochote: jina la chifu, mto, makaburi. Tulifika tumejaa vumbi jekundu. Mama yake fundi alikuwa ameketi mbele ya nyumba, anapanga samaki kwenye chanja ya kukaushia. Ng'ambo ya maji ilikuwa Zambia, na watu wa huko walionekana wakifua nguo kama sisi.

"Mwaiseni," alisema, akitukaribisha kwa lugha ya huko.

Nilijibu kama nilivyofundishwa kwenye lori: "Eya mukwai."

Alinitazama mdomo. "Huyu anasema kama redio," akamwambia mwanawe.

Fundi akamweleza. Yeye hakushangaa wala hakuguswa. Aliuliza kitu kimoja tu, kama nilikuwa ninajua kupasua samaki. Nikasema sijui. "Basi bado hatoke huku," alisema, akanipa kisu. Wiki ile nilipasua samaki kila asubuhi. Nilijikata kidole, akanifunga kwa kitambaa cha zamani huku akilalamika kwamba nimechafua samaki. Chumvi aliificha, akaitoa kidogo kidogo. Mchana alitutembeza makaburini, akanionyesha nani alilala wapi, nani aliliwa na mamba na kwa hiyo hana kaburi. Nilishika yote. Kushika mambo lilikuwa jambo rahisi kwangu. Rafiki yangu, mjukuu wa damu, alichanganya majina, na bibi alimpiga kofi dogo la kichwa, akacheka. Mimi hakunipiga. Siku ya kuondoka alinipa furushi la samaki wakavu, sawa sawa na la mjukuu wake. Alipima kwa mikono, akatoa mmoja kwangu, akamrudisha.

Siku ya ofisi fundi alivaa abakosti aliyojishonea mwenyewe. Baba alibaki nyumbani, maana ndiyo ilikuwa akili ya jambo lenyewe. Tulikaa kwenye benchi ya korido, fundi katikati, mabinti wake wawili, mmoja kila upande. Rafiki yangu aliitwa kwanza. Alitoka upesi, akitabasamu. Halafu tukaingia mimi na fundi.

Mtumishi wa ofisi alikuwa mtu mpole, mwenye mafua. Nyuma yake ilikuwa picha ya Kiongozi na kofia yake ya chui. Alitazama karatasi, akamsalimia fundi kwa neno la chama, sitwayeni, yaani mwananchi, akauliza juu ya cherehani, maana alikuwa akishonewa suruali kwake. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri. Hakuuliza chifu. Hakuuliza makaburi. Alipenga kamasi, akashika kalamu, akaniuliza bila kunitazama, kama mtu anayekamilisha maneno:

"Na kwenu ni wapi, mama?"

"Kamalondo," nilisema.

Akacheka kidogo. "Kamalondo haiko village. Nauliza kwenu. Kwa baba yako."

Nilijua la kusema. Niliuona mto. Niliwaona samaki kwenye chanja, kila mmoja.

"Kamalondo," nilisema tena.

Kalamu ikabaki hewani. Fundi akakohoa, akasema mutoto anaogopa. Yule mtu akaniuliza kwa upole kama huyu aliyesimama hapa ndiye baba yangu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilitazama kifungo cha abakosti ya fundi, kifungo kikubwa cheusi, kimeshonwa kwa uzi mara nyingi kisitoke. Baada ya muda yule mtu alimrudishia fundi karatasi zake zikiwa hazina muhuri. "Murudishe mutoto kwa baba yake," alisema. "Mi sikuone kitu."

Njiani fundi hakunigombeza. Tulipofika kwenye kona ya soko alininunulia kikombe cha chai ya maziwa, akanisubiri ninywe, akaninunulia na mkate. Rafiki yangu alitembea mbele yetu, halafu nyuma yetu. Hakujua atembee wapi.

Nyumbani baba alikuwa ameketi na viatu miguuni, kitu ambacho hakufanya ndani ya nyumba.

"Ulisema nini?"

"Kamalondo."

Alinitazama sana. Nilifikiri atanipiga, nikangoja, na hata kungoja kwenyewe hakukuwa na hofu ndani yake. Halafu akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Ni kweli," alisema. "Hata miye, bakiniuliza, njo ile ningesema."

Watu wa mtaa walijieleza wenyewe. Wengine walisema niliogopa. Wengine, na mke wa fundi alikuwa mmoja wao, walisema nilifanya vile ili nisimzibie rafiki yangu njia, na tangu siku hiyo mama huyo alinipakulia nyama kabla ya watoto wake. Sikukubali wala sikukataa. Ningekuwa na jibu ningelitoa. Nimejichunguza mpaka leo, na ninachokiona ni yule mtu mwenye mafua, na mdomo wangu ukifunguka.

Mtihani wa Leta, ule wa serikali wa kumaliza shule, tuliufanya kwenye baridi ya kiangazi, mikono imekufa ganzi asubuhi, pumzi inaonekana. Nilipata pointi za kwanza za lise yote. Rafiki yangu alifaulu pia, chini yangu, mbali kidogo. Majina ya vyuo yalipotoka, yeye alipewa udaktari katika mji mkuu. Mimi nilipewa chuo cha ualimu hapa hapa Lubumbashi, tawi la kemia. Mtawa alinishika mabega mawili. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia, pole, ma sœur, maana ilionekana kwamba yeye ndiye anayehitaji kuambiwa.

Nyumbani kwetu hakuna aliyelia. Mama alipika kuku, kwa kuwa nilikuwa nimefaulu, na kufaulu ni kufaulu. Tulikula. Baba alikwenda zamu ya usiku. Kwa fundi kulikuwa na muziki na bia, nami nilikwenda kusaidia kugawa vinywaji. Watu walinipongeza kama dada wa bibi arusi.

Siku ya ndege nilimsindikiza rafiki yangu. Alikuwa amevaa libaya, yaani blauzi, na kikwembe kipya cha kitenge, viatu vinambana. Mbele ya mlango wa uwanja alinigeukia.

"Sema kitu," alisema.

"Usisahau koti. Asubuhi iko baridi."

"Kinshasa hakuna baridi!"

"Aa," nilisema.

Akalia, akanikumbatia, akaniloanisha shingo. Nilimpigapiga mgongoni kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani. Basi la kurudi lilichelewa, nikatembea.

Mwezi ule nilianza chuo cha ualimu. Maabara haikuwa na gesi. Tulisoma moto kwenye ubao. Nilipata pointi nzuri bila kujua namna gani, na wenzangu walinidhani mtu wa majivuno kwa kuwa sikufurahi.

Likizo kubwa iliyofuata rafiki yangu alirudi amekonda. Hakupita kwao kwanza. Alikuja kwetu na sanduku mkononi, akakaa jikoni kwenye kigoda cha mama. Alikuwa ameanguka kemia. Akianguka tena katika kipindi cha pili, mtihani wa kurudia baada ya likizo, wangemrudisha nyumbani. Baba yake hakujua bado.

"Sina uso wa kukuomba," alisema.

"Kuomba nini?"

"Unifundishe."

Nilikuwa nasonga bukari. Niliendelea kusonga mpaka ikaiva, maana haingojei. Halafu nikanawa mikono, nikachukua kipande cha makaa jikoni, nikaanza kumwandikia kwenye sakafu ya sementi, palepale kati ya miguu yake. Nilianza na asidi. Alikuwa hajui hata mwanzo wake. Mtu alikuwa amemharakisha. Mama aliingia, akatuona, akapakua, akatuwekea sahani pembeni, akatoka. Nilimweleza mara moja, nikamweleza tena kwa njia nyingine, na mara ya tatu nikauona uso wake ukifunguka. Kitu fulani kilinipita kifuani, kidogo, kama mtu anapopita dirishani na huwezi kusema alikuwa nani.

"Tena," alisema.

Nikafuta sakafu kwa kiganja, nikaandika tena. Bukari ilipoa. Tulifanya hivyo likizo nzima, naye akapita.