Udi wa Kwendea Hospitali

Kwa nini mama yangu, mtu asiyeweza kuficha hata chuki ya kupewa chai iliyopoa, alikaa muda mrefu vile bila kumtajia daktari vidonge vyake vya pumu? Swali hili nimekuwa nalo tangu miaka ya themanini, nilipokuwa mwalimu kijana mjini Malindi, na sasa ninaukaribia umri aliokuwa nao yeye wakati ule bila kulipatia jibu. Nilimuuliza mwenyewe zaidi ya mara moja. Safari moja alisema kwamba daktari hakuuliza. Safari nyingine alisema kwamba kila mwenye kifua anavitumia, kwa hiyo hapakuwa na la kutaja. Mara ya mwisho aliniambia nimpishe akaswali.

Vilikuwa vidonge vidogo vyeupe, vikiuzwa kimoja kimoja ndani ya karatasi iliyosokotwa, kwenye duka lile lile alikonunua majani ya chai na viberiti. Mwenye pumu alimeza kimoja, akasubiri kidogo, na kifua kikafunguka. Tangu utoto wangu mama alikuwa navyo kwenye pindo la leso yake, vimefungwa fundo. Kifua kilipoanza kulia alifungua fundo, akameza, akaendelea na kazi yake, na sisi watoto hatukuona kwamba lolote limetokea.

Niliporudi kutoka chuo kikuu nilivikuta pindoni pale pale, na safari hii nilivitambua kwa sababu nyingine. Kule Nairobi, mitihani ilipokaribia, baadhi yetu wanafunzi tulivimeza ili tusisinzie. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sikuwa na pumu. Navikumbuka vizuri mno: ulimi ulikauka, kalamu ilitetemeka vidoleni, na moyo uligonga kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo kabla sijasoma mahali popote kwamba dawa ile huamsha moyo na kupandisha shinikizo la damu, mwili wangu ulikuwa umekwisha kunifundisha kwamba haikuishia kifuani.

Mama alikutwa na presha mwaka uliofuata. Daktari, kijana mpole kutoka bara, alimpa dawa, naye alizimeza kwa uaminifu aliouweka katika sala zake. Hata hivyo, kila aliporudi kupimwa, presha ilikuwa imepanda, na kila ilipopanda aliongezewa dawa. Nyumbani tulijua mwisho wa njia hiyo ulivyo, kwa sababu ulikuwa umelala uani kwetu. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wake wa kulia haukumtii tena. Mdomo ulikuwa umevutwa kando, ingawa ukali wa maneno yake haukupungua hata kidogo. Mama ndiye aliyemwosha na kumlisha. Sikuhitaji kuambiwa alichokuwa akikiwaza alipomfuta dada yake uji kidevuni.

Siku za miadi mimi nilikuwa shuleni, kwa hiyo sikuwahi kuona jinsi mama alivyojitayarisha. Niliona mara ya kwanza shule zilipofungwa.

Wanawake wa mji wetu hawakwenda hospitali ovyo. Mbele ya daktari, mtu wa kando, mwanamke alikwenda kwa heshima ya nyumba yake. Mama alioga, akatoa buibui lililopigwa pasi na leso mpya, akatia makaa kwenye chetezo, akaweka udi juu yake. Alizitandaza nguo juu ya moshi, akazigeuza, kisha akakisogeza chetezo miguuni na kusimama hapo mpaka moshi ukampanda hadi shingoni. Alikohoa. Kifua kikaanza kulia. Alifungua fundo la leso, akameza vidonge viwili kwa kikombe cha kahawa chungu.

"Viwili, mama?"

"Kimoja cha moshi, kimoja cha njiani. Wataka nifike nikihema?"

Alifika bila kuhema. Alikaa kwenye benchi la kusubiri akiwa amenyooka, ananukia, akiitikia shikamoo za watu kama bibi harusi mzee. Nilimshika mkono, nikaweka kidole kwenye mshipa wa kifundo. Ulikuwa ukikimbia. Palepale nilielewa kwamba daktari yule hakuwahi kumpima mama yangu hata siku moja. Alikuwa akipima kahawa na vidonge viwili, na kuviandikia dawa.

Aliingia peke yake, mimi nikabaki nje. Alipotoka alikuwa amepoteza ile haiba ya asubuhi.

"Amesema nirudi kesho," aliniambia. "Ikiwa bado iko juu, ananilaza. Mama yako mkubwa pia walimlaza."

Sikubishana naye barabarani. Nilingoja mpaka baada ya alasiri, tulipokaa uani, mama akimkanda dada yake mkono kwa mafuta ya nazi.

"Kesho usifukize nguo," nikasema. "Na kidonge usimeze, wala kahawa usinywe, mpaka upimwe kwanza. Vidonge nitachukua mimi. Kifua kikikuzidia nitakupa, lakini bila hivyo, ngoja."

"Niende hospitali nikinuka jiko?"

"Nenda ukinukia sabuni."

"Na nikianza kulia kifua mbele ya yule kijana?"

"Hicho ndicho anachotakiwa kukisikia."

Mama alicheka kwa pua. "Wewe ulisomea historia, mwanangu. Hukusomea vifua."

"Kidonge hicho nimekimeza mimi. Chuoni, ili nisilale nisome. Nilikuwa msichana mzima, sina presha, na moyo ulinienda mbio mpaka nikashikilia meza. Wewe wameza viwili juu ya kahawa, halafu wampelekea mtu mkono apime."

Mkono wake ulisimama juu ya mkono wa dada yake.

"Nani alikupa?"

"Nilinunua."

"Na mimi huku nikiwaambia watu mwanangu anasoma kwa akili zake."

Mama mkubwa alitoa ile sauti yake ya kucheka, iliyotoka upande mmoja tu. Mama hakucheka. Alisema kwamba pale hospitalini hukaa wanawake wa mtaa mzima, kwamba ataingia akivuma kama lori la chumvi la Marereni linalotafuta kilima, na kwamba jioni hiyo hiyo habari itakuwa imefika Mambrui kuwa yeye ni mgonjwa wa kifua. Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa jambo nililokuwa nikimwomba. Presha haionekani, mtu anaweza kuwa nayo na bado akaheshimiwa. Kuhema kunaonekana na kusikika. Mwanamke aliyezoea kusimamia mapishi ya arusi za watu, akatoa amri na kutiiwa, hataki kuonekana ameshika ukuta akitafuta pumzi. Kwa miaka yote hiyo kidonge kilikuwa kimemlinda na aibu hiyo, na kwa hakika kilimlinda vizuri.

Nilianza kumweleza tena, kwa utaratibu, kama ninavyoeleza darasani. Mama mkubwa alinikatiza. Kila neno lilimtoka polepole, kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

"Mimi siku ile waliyonilaza nilikwenda nikinukia," alimwambia dada yake. "Nilinukia mpaka muuguzi akaniuliza udi wangu natoa wapi. Leo waniosha wewe."

Mama alichovya tena vidole katika mafuta.

"Chagua, mdogo wangu. Wakuone wahema, au wakuone wabebwa."

"Una maneno mabaya wewe."

"Mdomo ndio mbaya. Maneno hayana kasoro."

Mama aliurudia mkono wa dada yake, akaukanda kuanzia begani hadi vidoleni, kidole baada ya kidole. Alipomaliza alifuta mafuta mikononi, akaniambia nimpigie pasi leso yake. Nikamuuliza ile mpya. Akasema hapana, ile ya nyumbani.

Asubuhi chetezo kilikaa baridi kwenye kona yake. Mama alioga kwa sabuni ya kipande, akavaa, akanipa vidonge nivishike, na kahawa akaiacha. Tulitoka mapema kwa sababu tulijua tutakwenda polepole. Hatukufika mbali kabla kifua hakijaanza kulia, kwanza kwa mbali, kisha wazi. Alisimama penye kivuli cha ukuta, akapumzika, akaendelea. Nilimuuliza kama nimpe kidonge; akatikisa kichwa. Jirani aliyekuwa akitoka sokoni alimwamkia, akamtazama.

"Mbona hivyo leo?"

"Kifua," mama akajibu. "Kinanisumbua siku nyingi."

Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo njiani.

Kwenye benchi alivuma mbele ya wote, macho yake yakitazama mbele. Zamu yake ilipofika alinishika mkono tukaingia pamoja. Daktari alimwamkia, akamfunga mpira wa kupimia, akasoma, kisha akamfunga mkono wa pili. Bado ilikuwa juu, akasema, lakini haikuikaribia ile ya jana. Alichukua kile chombo cha masikioni, akasikiliza mgongoni kwa muda mrefu.

"Mama, hiki kifua kimeanza lini?"

"Kabla hujazaliwa."

"Na jana kilikuwa wapi?"

Mama alininyoshea kiganja. Nilimpa karatasi ile ndogo, akaisokotoa, akavimimina vidonge juu ya meza ya daktari.

"Jana nilimeza hivi ndipo nikaja," alisema, na akabaki ameketi mbele yake akihema, bila kujifunika mdomo kwa leso.