Friji ya Termozoni

Mwanangu, nasikia bosi wako mpya huko Kabalagala anakufundisha maneno makubwa ya kuwababaisha wateja. Hebu kaa, unywe chai na shangazi yako. Kuna siku moja naikumbuka, na kila nikiikumbuka damu inanichemka.

Nilikuwa msichana, nimetoka Kisumu juzijuzi, nauza redio na friji katika duka moja hapahapa Kampala. Akaingia mama wa Lubaga, muuza maziwa. Kwao umeme ulikatika kila mara, maziwa yanachacha, anamwaga. Akaniuliza jambo moja tu, akiniita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda: "Nyabo, umeme ukienda jioni, friji hii itashika baridi mpaka asubuhi?"

Bosi wangu akadakia kabla sijajibu. "Hii ina termozoni ya awamu tatu! Inajipoza yenyewe!"

Termozoni! Neno hilo alilitunga asubuhi ileile tukinywa chai, akalicheka mwenyewe mpaka akapaliwa.

Mama alishaanza kutoa pesa zake. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, ni kweli?" Bosi akanikazia macho.

Nikasema, "Mama, hakuna kitu kama hicho. Hii ni friji ya kawaida. Umeme usiporudi usiku kucha, maziwa yatachacha."

Mama akafunga mkoba wake, akatoka. Lo, bosi alivyowaka! Akaniamuru nimkimbilie yule mama nimwambie nilichanganyikiwa, kisha nirudi nimwombe yeye msamaha mbele ya wenzangu. La sivyo, kazi sina.

Mjini sikuwa na ndugu wala akiba. Nikavua koti lake la kazi, nikaliweka juu ya hiyo termozoni yake, nikaenda zangu. Njaa nililala nayo, sikatai. Msamaha sikuomba, na leo ukinirudisha pale nitasema yaleyale, tena kwa sauti.

Sasa sikiliza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mweleze mteja kwa maneno ambayo naye akifika nyumbani ataweza kuyatumia kumweleza jirani yake. Usichokijua, sema sijui; neno hilo halijamuua mtu. Na bosi akikulazimisha kutunga, mwambie shangazi yako amekataa. Akibisha, aje hapa dukani kwangu Nakawa aniulize mimi. Thubutu!

Haya, nenda kazini. Mungu akupe riziki ambayo haitakufanya uvuke barabara ukimwona mteja wako anakuja.