Kola Moja kwa Sekunde Sitini

Meneja hakuzaliwa meneja. Miaka kumi na mmoja alikuwa fundi wa kola katika kiwanda hichohicho cha mashati, safu ya dirishani, cherehani yake ikigusana na ya dada yake. Kisha mwenye kiwanda akampeleka kozi, akarudi na cheti, akapewa ofisi ya vioo na saa ya kubonyeza, ya kupimia kasi ya mafundi. Tangu siku hiyo, akipita, mafundi huacha kucheka.

Tuseme kweli, hata wasomi walishindwa kumweka mahali. Katibu wa chama cha wafanyakazi, mtu wa vitabu vya matabaka, alieleza vizuri sana: kuna wenye mashine, na kuna wasio na kitu ila nguvu zao. Akiulizwa, "Na meneja je?" anakohoa.

"Hana hata sindano yake," alisema siku moja kikaoni. "Anaajiriwa kama sisi, anafukuzwa kama sisi."

"Lakini saa anashika yeye, katibu," dada mtu akamjibu. "Hushiki wewe."

Kadi ya chama, aliyonyang'anywa alipopewa ofisi, hawakumrudishia. Ilimuuma, asikudanganye mtu.

Jumatatu moja mwenye kiwanda akatoa amri: kila fundi apimwe upya, kipimo kipya kiwekwe, atakayeshindwa kukifikia aondoke. Meneja alijua mchezo utakavyokuwa. Mafundi wakipimwa hushona kwa kuvuta miguu ili kipimo kiwe chepesi; mara uzi umekatika, mara kitambaa kimeteleza. Ujanja huo aliubuni yeye mwenyewe enzi zake. Ila dada yake hakuhitaji ujanja. Viungo vya vidole vilikuwa vimemvimba, na kola moja ilimchukua sekunde hamsini na tano akijikaza. Basi Meneja akapanga moyoni: ataandika sitini, bosi aridhike, dada apone. Mshika mawili moja humponyoka, lakini nani hukumbuka methali akiwa na shida?

Saa nne asubuhi akaanza. Sitini na moja. Sitini na tatu. Mwenye kiwanda alikuwa nyuma yake, mikono mfukoni.

"Wanakuchezea hawa. Wewe ulikuwa ukishona hivi?"

"Kitambaa ni kigumu, bosi. Sitini ni haki."

"Hebu kaa ushone, nione."

Dada akainuka kumpisha. Akamnong'oneza, "Taratibu, mdogo wangu. Nakuomba."

Meneja akaweka saa mezani, akakaa. Mshono wa kwanza alijizuia kweli. Cherehani za jirani zilikuwa zimenyamaza, watu wote wanamtazama, na fundi mmoja mgeni akasema kwa sauti, "Huyu keshasahau kazi."

Jamani, kiburi cha fundi! Vidole havikumwomba ruhusa. Mguu ukakanyaga, kitambaa kikakimbia, ncha zikageuka zenyewe, uzi ukakatwa. Kola ikalala mezani, safi, imenyooka. Alikuwa anatabasamu aliposikia saa ikibonyezwa.

"Thelathini na nane," alisema mwenye kiwanda, saa mkononi. "Hicho ndicho kipimo. Ijumaa niletee majina ya wasiofikia."

Alikuwa keshaufikia mlango Meneja alipopaza sauti. "Bosi! Kola moja si kola mia nne! Hakuna awezaye kwenda hivyo kutwa nzima!"

"Ndiyo maana nikaajiri meneja," akajibu bila kugeuka.

Meneja aliona aibu iliyomfanya atamani sakafu immeze. Alitaka kumwambia dada yake kwamba hakukusudia, na hilo lilikuwa kweli, na halikusaidia kitu.

Dada hakulia wala hakugomba. Aliiokota ile kola, akaipitisha chini ya kidole kilichovimba, akaikagua mshono kwa mshono.

"Nzuri," akasema. "Sasa nipishe kiti, nina siku nne tu."

Meneja akasimama.

"Na hiyo orodha, anza na jina langu. Ukianza na la mwingine, watu hawa hawatakusamehe. Mimi nitajitahidi kukusamehe."